Nilimfungia kakangu mlango, siku kumi na moja baadaye akafa

SWALI

Shikamoo Bi Daktari. Mimi ni mkaazi wa Malindi. Kakangu mkubwa alifariki mwezi wa Rajabu akiwa na miaka 43. Alikuwa nahodha wa boti za kioo, zile za kuwapeleka wageni kutazama matumbawe, na alikunywa kwa zaidi ya miaka kumi na tano: mnazi mchana, pombe kali usiku. Mkewe alishachoka akarudi kwao Mambrui na watoto. Kila usiku nilikuwa nikimwekea sahani barazani, nimeifunika kawa, ili akirudi ale. Siku kumi na moja kabla hajafa alinigongea saa tano usiku akitaka shilingi 300. Nilimnyima, nikamwambia asirudi mpaka awe mtu, nikatia komeo. Sikumwona tena mpaka nilipoitwa hospitali, naye ameshatapika damu nyingi.

Je, mimi ndiye niliyemuua? Miaka ya nyuma Ramadhani ikiingia alikuwa anaacha kabisa, kwa hiyo watu wanasema si ugonjwa, ni hiari yake. Mama anasema alirogwa na jirani. Mwanawe wa miaka 12 anauliza babake alikufa kwa nini, tumemwambia homa. Siku ya tatu ya matanga muuza mnazi alikuja kudai deni lake. Watu wakinipa pole wanasema "afadhali kapumzika", na mimi, Mungu anisamehe, moyoni nilihisi nafuu. Kuna faida kumuombea mtu aliyekufa hivyo? Na mpaka leo usiku najikuta nimeshaifunika sahani. Mdogo wetu wa mwisho naye siku hizi anakunywa vibaya, anatetemeka asubuhi mpaka apate kidogo, lakini hilo lisikutie shaka: ami zangu wamekubaliana Ijumaa wamfungie chumba cha uani wiki nzima, pombe imtoke.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Poleni sana kwa msiba. Mimi si daktari, ni muuguzi mstaafu ninayetoa ushauri nasaha, ila jina hilo nimeshalizoea.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na nitaanzia sentensi ya mwisho, ile uliyosema isinitie shaka. Imenitia shaka kuliko zote. Nenda leo ukawaambie ami zako wasimfungie kijana.

Najua wana nia njema. Nimeona vyumba vya uani vingi vyenye kufuli kwa nje, na wazee walioketi mlangoni na tasbihi wakiamini wanamwokoa mtoto wao. Lakini mtu anayetetemeka asubuhi mpaka apate tone, mwili wake umeshafungamana na pombe, na mtu wa namna hiyo akikatiwa ghafla anaweza kufa. Pombe huutuliza ubongo. Ubongo unaotulizwa kila siku hujizoeza kwenda kasi ili usilale. Mfikirie nahodha aliyeukaza usukani upande mmoja kwa sababu mkondo unamsukuma upande wa pili. Mkondo ukikatika ghafla, chombo hujipiga upande ule aliokuwa akiuvuta.

Kwa kawaida, baada ya muda wa saa 6 hadi 24 tangu tone la mwisho, mikono hutetemeka, jasho humtoka na usingizi humruka. Ndani ya siku mbili za mwanzo anaweza kupata kifafa, hata kama maishani mwake hajawahi kuanguka. Kati ya siku ya pili na ya nne baadhi yao huchanganyikiwa kabisa: anaona wadudu ukutani, anazungumza na watu wasiokuwepo, mwili unachemka, moyo unakwenda mbio. Hapo ndipo mtu hufa asipotibiwa. Na hapo ndipo, pale mlangoni, mmoja wa ami zako atasema "majini hayo yanamtoka, mwacheni", na nyote mtafurahi kwamba dawa inafanya kazi.

Kijana apelekwe hospitali kabla hajaacha, si baada ya kuanguka. Huko atapewa diazepamu, dawa ya kuutuliza ubongo, kwa kipimo kinachopunguzwa siku baada ya siku, pamoja na vitamini B1, ambayo walevi wengi huikosa, na kuikosa huharibu kumbukumbu kwa namna isiyorudi. Ni dawa za siku nyingi, si za ajabu. Na kama hadi Ijumaa hamjaweza kumfikisha hospitali, basi asikatiwe ghafla. Ni neno zito kuliandika kwa nyumba ya Kiislamu, na nimelifikiria kabla ya kuliandika, lakini nimeshuhudia linalotokea likiwa halikusemwa. Aendelee na kile kile kiasi, asizidishe, mpaka amwone daktari.

Jambo dogo hapa, kwa kuwa watu wa Malindi huniuliza sana. Ile kliniki ya methadoni tuliyo nayo mjini tangu 2015 ni ya wanaotumia heroini. Imewarudisha vijana wengi, nami naiombea heri, lakini methadoni si dawa ya pombe. Usimpange kijana wako foleni isiyo yake.

Sasa turudi kwenye mlango wako.

Hukumuua. Wala sisemi hivyo ili nikutulize, nasema kwa sababu ya jinsi ini linavyokufa. Damu inayotoka tumboni na kwenye matumbo hupita kwanza kwenye ini. Ini lililopigwa na pombe miaka nenda miaka rudi huota makovu, likawa gumu, damu ikakosa njia. Umewahi kuona mtaro uliojaa mchanga wakati wa masika: maji hayasimami kungoja, yanaingia vichochoroni. Damu nayo hufanya vivyo hivyo. Inakwenda kwenye mishipa midogo ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ambayo haikuumbwa kubeba mzigo huo, mishipa inavimba, inakuwa myembamba, na siku moja unapasuka mmoja. Hauna saa. Unaweza kupasuka mtu amelala, amekula, ameswali, amepewa shilingi 300 au amenyimwa. Safari ya kufika hapo huchukua miaka mingi, mara nyingi zaidi ya kumi. Usiku ule ulipotia komeo, mishipa ya kakako ilikuwa imeshavimba.

Na kama hofu yako ni kwamba alikosa pombe kwa sababu yako akafa kwa kukatiwa, hilo nalo halikai. Zilipita siku kumi na moja, na alitapika damu. Kifo cha kukatiwa hakiko hivyo. Isitoshe, wewe na mimi tunajua kwamba hakulala na kiu usiku ule. Mlevi aliyenyimwa mlango mmoja anajua milango mingine tisa.

Sitakudanganya, lakini, nikakwambia hapakuwa na lolote la kufanywa. Lilikuwapo. Ini likiwahiwa, mtu akaacha, mara nyingi huacha kuharibika zaidi, na sehemu yake hujirekebisha. Zipo dawa za kupunguza msukumo kwenye ile mishipa, na ipo njia ya kuifunga kwa kupitisha kamera kooni. Dalili nazo hutangulia: tumbo kujaa maji huku mikono imekonda, miguu kuvimba, macho kuwa manjano, choo cheusi kama lami, mtu kulala mchana na kuweweseka usiku. Nadhani ukizisoma hapa kuna mbili tatu ulizoziona ukanyamaza, kwa sababu kila mtu alinyamaza. Milango ya kumsaidia ilikuwa mingi, kwa miaka mingi, na mingine ulimfungulia wewe mwenyewe akapita pembeni. Wako ulikuwa wa mwisho, ndiyo maana ndio unaoukumbuka.

Hilo la Ramadhani nimelisikia katika kila nyumba. "Mbona Shaabani ikiisha anaacha? Basi anaweza!" Kwanza jiulize miaka ya nyuma ni ipi. Mtu mwenye miaka mitano ya pombe anaweza kuacha mwezi mzima, kwa imani, kwa haya, kwa kuwa mji mzima umebadilika saa zake na hakuna wa kunywa naye. Mtu wa miaka kumi na tano hawezi vile vile. Hebu kumbuka zile Ramadhani zake mbili au tatu za mwisho. Hakuwa anatoweka baada ya magharibi? Hakuwa anatetemeka akishika kikombe cha uji? Kama jibu ni ndiyo, basi hiari ilikuwepo mwanzoni, na ilikuwa ikipungua kila mwaka nanyi mkimhukumu kwa hiari ya zamani. Shirika la Afya Duniani linauorodhesha uraibu wa pombe katika magonjwa. Hilo halimwondolei mtu jukumu lake. Mgonjwa wa kisukari naye ana jukumu la kuacha soda. Ila hatumfungii uani.

Na mnazi. Lazima niuseme, kwa sababu kwetu huku mtu anakuja kliniki macho manjano, ukimuuliza anakwambia "sinywi pombe, nakunywa mnazi tu". Mnazi ni chakula, mnazi ni dawa ya figo, mnazi ni wa wazee: nimeyasikia yote. Utomvu ukitoka kwa mgema alfajiri ni mtamu, mtoto anaweza kuuonja. Lakini unaanza kuchacha pale pale kwenye kibuyu, na jua likipanda unakuwa mkali. Ukifika asilimia 5, lita moja yake ina karibu gramu 40 za pombe tupu, sawa na nusu ya kile kichupa cha mililita 250 cha pombe kali. Na nani hukaa mangweni akanywa lita moja akaondoka? Kakako hakuwa na pombe mbili, ya mchana nyepesi na ya usiku nzito. Ini lake lilikuwa linahesabu kitabu kimoja.

Kazi yake nayo ilikuwa na mtego. Nimewashauri mabaharia kadhaa wa hifadhi yetu ya bahari, na hadithi yao ni moja. Kaskazi wageni wamejaa, pesa zipo, jioni mgeni anasema "nahodha, kaa nasi unywe kimoja". Kusi bahari imechafuka, boti zimepandishwa, wageni hakuna, na miezi ni mirefu. Kaskazi anakunywa kwa sababu anacho, kusi anakunywa kwa sababu hana. Simtetei. Nataka ujue tu kwamba alianzia kazini, mchana kweupe, miongoni mwa watu wanaocheka.

Nafuu uliyoihisi, basi. Umeiandika kama mtu anayekiri wizi.

Wewe kwa miaka kumi na tano hukulala. Ulikuwa kitandani, lakini masikio yako yalikuwa barazani. Ulikuwa ukisikiliza: amekuja? Ameanguka? Yule anayepiga kelele kichochoroni ni yeye? Simu ikilia usiku moyo ulikuwa ukitangulia kufika. Kisha siku moja ile kazi ikaisha. Mwili ukapumua kabla moyo haujaruhusu. Hukufurahia kifo chake, ila zamu yako iliisha. Na kuna jambo lingine ambalo watu hawakuulizi kwa sababu hawajui kuliuliza: kakako ulianza kumlia zamani. Yule aliyekubeba mabegani, aliyekufundisha kuogelea au kukununulia viatu vya Idi, uliachana naye labda miaka minane iliyopita, bila jeneza, bila matanga, bila mtu wa kukupa pole. Rajabu ulizika mwili. Kwa hiyo usishangae kama siku ya maziko hukulia na baadaye ukalia sokoni kwa kuona mtu mwenye mwendo wake.

Wanaosema "afadhali kapumzika" si wabaya, hawana neno jingine tu. Ukiudhika, una haki. Huna haja ya kuitikia. "Tunashukuru" inatosha.

Nataka nikae zaidi kwenye hili la "homa".

Sisi watu wa pwani tumelelewa na sitara. Aibu ya ndugu yako ifunike nawe Mungu atakufunika. Ni adabu nzuri na sitaki ife. Lakini kwa walevi wetu tumechanganya vitu viwili: kumsitiri mtu na kuuficha ugonjwa. Kumsitiri ni kutomsimulia alivyoanguka mtaroni, kutomcheka, kumbadilisha nguo kabla watoto hawajamwona. Kuuficha ugonjwa ni kumpigia tajiri wake simu ukasema ana malaria, kulipa deni lake kimya kimya, kumwambia daktari "anakunywa kidogo kidogo tu". Hiyo ya pili haikumfunika yeye. Iliifunika pombe, ikaendelea kufanya kazi yake bila kusumbuliwa. Na waliofichwa ni akina nani? Mji mzima ulijua. Wenye maduka walijua, wenye bodaboda walijua. Asiyeambiwa alikuwa mwanawe, na daktari.

Sikulaumu kwa hili, maana nami nina langu. Nikiwa muuguzi kijana, katika hospitali ambayo sitaitaja, aliletwa mzee ananuka pombe, amechanganyikiwa, anatapatapa. Nikasema kwa sauti ya kusikika, "huyu ni mlevi, muwekeni kwenye benchi, akilevuka tutamwona." Kilichokuwa kikimchanganya hakikuwa ulevi, lilikuwa ini. Mwanawe wa kike alisimama pale akanisikia, hakusema neno, alivua leso yake akamfunika babake miguu. Alifariki kabla ya alasiri. Kwa hiyo ninapokwambia kwamba watu wanaficha, najua wanawaficha nani na kwa nini. Wanatuficha sisi.

Mwaka 2019 peke yake, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, pombe iliua watu milioni 2.6. Ukizunguka nyumba zao ukauliza, sijui ngapi zitakuambia homa.

Mtoto, basi. Miaka 12 si mtoto wa kuambiwa homa. Anajua babake alikuwa akinywa, alimwona. Asichojua ni kipi kimemuua, na mtoto asiyepewa sababu hujitafutia, na mara nyingi hujipata mwenyewe. Niliwahi kukaa na kijana aliyemwaga chupa ya babake chooni, na wiki ile ile baba akafa. Miaka miwili aliamini kwamba ni yeye, kwa kuwa alimkasirisha. Hakuna aliyemuuliza. Unaona mnavyofanana, wewe na yeye? Wewe una komeo, yeye alikuwa na chupa.

Mchukue mtembee, msikae uso kwa uso kama mahakamani. Watoto wa kiume husema zaidi wakiwa wanatembea. Mwambie kwa maneno mafupi: "Baba yako alikuwa na ugonjwa wa pombe. Alianza kwa kupenda, kisha ukamzidi. Pombe iliharibu ini lake, damu ikamtoka, akafa. Si wewe, si mama yako, si mimi. Alikupenda, na ugonjwa ulimfanya ashindwe kuonyesha." Msichukue zaidi ya hapo siku ya kwanza, labda aulize. Na hilo la kwamba alikupenda liseme tu kama una mfano mkononi: ile siku alipomchukua mashuani, au alipomtengenezea ndoana. Bila mfano mtoto atajua unapamba.

Iko siku atauliza, "na mimi je?" Usimkwepe. Karibu nusu ya hatari ya uraibu hurithiwa, kwa hiyo yeye na nduguze wana hatari kubwa kuliko watoto wengine. Hiyo si hukumu, wengi katika watoto wa walevi hawawi walevi. Ila anastahili kujua, kama mtoto wa mwenye sukari anavyojua, kabla hajafika umri wa kupewa glasi ya kwanza na marafiki wanaosema haina madhara.

Na mamake mtoto, yule wa Mambrui. Hukuuliza kuhusu yeye, lakini nahisi matangani yalisemwa maneno, kwamba angevumilia asingekufa. Mpelekee salamu wewe mwenyewe.

Sasa mama. Usibishane naye juu ya uchawi. Umlete na vitabu vya tiba, umlete na daktari bingwa, hutashinda, kwa sababu mama hatafuti sababu, anatafuta heshima ya mwanawe. Mwana aliyerogwa ni mwana aliyedhulumiwa, anaweza kumlilia kichwa wazi. Mwana mlevi hana pa kumlilia. Ukimpa njia nyingine ya kumlilia, neno "alirogwa" litapungua lenyewe. Kaa naye, muulize alivyokuwa mdogo, alikuwa akipenda kula nini, alianza kutembea lini. Pombe isitajwe siku hiyo.

Kuna mpaka mmoja tu ambao nakuomba usimwache auvuke, na huo usiwe mpole nao: asitaje jina la jirani. Tuko kaunti ya Kilifi. Wewe na mimi tunajua wazee wangapi wa kaunti hii wamekatwa mapanga kwa neno lililoanza kama la mama yako, la uchungu, barazani, mbele ya vijana. Na katika nyumba yenu yupo kijana mmoja anayekunywa na ana uchungu. Jina likitajwa, mkatize hapo hapo, hata kama ni mama.

Kuhusu kumuombea, muulize sheikh wa msikiti wenu, na nina hakika atakuambia Muislamu mwenye dhambi huswaliwa na huombewa kama mwingine. Mimi nitakukumbusha tu ile hadithi mashuhuri ya sahaba aliyekuwa akiletwa mara kwa mara kwa kosa la kunywa. Mmoja wa waliokuwepo akamlaani, na Mtume (S.A.W.) akamkataza, akasema asilaaniwe, kwani anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Alikuwa ameshaadhibiwa, na bado akatetewa. Muuza mnazi naye mpeleke kwa sheikh huyo huyo. Kama deni la pombe ni deni linalolipwa au la, hilo si la fani yangu. La fani yangu ni kwamba wewe usilipe kimya kimya usiku. Mambo yenu ya kimya kimya yametosha.

Na wewe mwenyewe unahitaji mtu wa kusema naye ambaye hatakuambia afadhali kapumzika. Huko Marekani, miaka 16 baada ya walevi kuanzisha vikundi vya AA vya kusaidiana kuacha mwaka 1935, jamaa zao waligundua kwamba nao ni wagonjwa kwa namna yao, wakaanzisha vyao, Al-Anon. Jambo la kwanza wanaloambiana ni kwamba hawakusababisha, hawawezi kudhibiti na hawawezi kuponya. Huna haja ya kungoja kikundi cha namna hiyo kikufikie. Tafuta dada mmoja aliyezika mlevi, Malindi hii hawakosekani, mkutane mara moja kwa wiki. Namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni ya bure, inapokea jamaa pia, si wanywaji peke yao, na unaweza kuitumia leo hii kuuliza pa kumpeleka mdogo wenu.

Mtakapofika hospitali, ingia naye. Daktari atauliza anakunywa kiasi gani, na kijana atasema "kidogo". Wewe useme lita ngapi, tangu saa ngapi, tangu mwaka gani, na kwamba asubuhi anatetemeka. Dozi atakayopewa itategemea jibu hilo.

Kuhusu sahani barazani, singekuharakisha. Mkono una mazoea yake, haukuhudhuria maziko. Wengine huendelea mwezi, wengine mwaka. Kama unaona vibaya kutupa chakula, weka kidogo. Utaacha mwenyewe usiku mmoja bila kujua kwamba umeacha, na watakaogundua wa kwanza ni paka.